Chemchemi Niliyoipima kwa Mbali

Vijana wangu mnaokalia sasa kiti changu pale ofisini, na ninyi mlio chuoni mkingoja kukikalia, nianze na jambo moja ili tusisumbuane baadaye. Ile ramani ya chemchemi mnayoifungua kwa simu kwenye tovuti ya kaunti, yenye vitone vya buluu kutoka bondeni hadi kileleni, niliitengeneza mimi. Wapo watakaowaambia ilikuwa kazi ya pamoja. Ni kweli kulikuwa na watu wengine ofisini. Walikuwa wakinywa chai.

Nina diploma ya upimaji. Niliipata nikiwa na miaka thelathini na saba, darasani na vijana walioniita baba na kuniomba niwasemee kwa mwalimu. Kabla ya hapo nilikuwa Uarabuni, nikishika fimbo ya kupimia juani ili wapimaji wenye vyeti wachungulie kwenye darubini zao chini ya mwavuli. Siku moja mpimaji mmoja aliumwa tumbo, nikamalizia kazi yake, na hakuna aliyeona tofauti. Nikajua kwamba kinachonitenganisha naye ni karatasi tu, nikarudi nyumbani kuitafuta. Nilizaliwa karibu na Itumbe kwa wachumaji chai. Sikuwa na mjomba serikalini wala shangazi benki. Nilijishika mkono mwenyewe.

Nawaambia haya kwa sababu mtu aliyejishika mkono mwenyewe huzoea kudhani hawezi kuanguka.

Nilipoajiriwa, orodha ya chemchemi ilikaa kwenye kabati la chuma. Ukitaka kujua kama kilima cha mama yako kina chemchemi iliyojengewa ukuta na bomba, uliandika barua, barua ikapigwa muhuri, kisha ukamngoja mwenye ufunguo arudi kutoka mazishini. Na huku kwetu mnajua hatukosi mazishi. Ndani ya kabati mlikuwa na mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, na panya walikuwa wameyasoma kuliko wananchi.

Basi wakubwa walipoleta habari ya data huria, kwamba kila tunachokijua kuhusu maji kiwekwe wazi, mtu yeyote akisome bila barua, mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Wenzangu waliogopa. "Watu wataona makosa," walisema. Nikawajibu kwamba kwenye kazi yangu hakuna makosa. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Aliyenifundisha kazi ya maji hakuwa chuoni. Alikuwa Mzee Mokaya, mpimaji wa zamani aliyestaafu kabla sijaajiriwa lakini akaendelea kuja ofisini kila Jumatatu kana kwamba hakuna aliyemwambia. Hakujali kifaa chako cha setilaiti cha kusoma mahali ni cha aina gani. Alitazama viatu. Ukirudi kutoka uwanjani alikusimamisha mlangoni, akainama, na akiona vumbi alisema, "Hiki kiatu kimefika dukani. Majini hakijafika." Kanuni yake ilikuwa moja: usiandike nukta ya chemchemi kabla kiatu hakijalowa.

Mengine alinifundisha kwa kunicheka. Kule upande wa Nyaramba niliwahi kuorodhesha chemchemi tatu mpya kwa siku mbili. Mkuu wangu alifurahi akanipa mkono. Mzee Mokaya alitazama majina, akaniuliza kama maji ya hizo tatu yana ladha moja. Kumbe ilikuwa chemchemi moja iliyo katikati ya vilima vitatu, na kila kilima kina jina lake la kuiita. Nilikuwa nimeifikia mara tatu kwa njia tatu, na vifaa vile vya kwanza vilikuwa vikiyumba, vikanipa nukta tatu tofauti, nami sikushtuka. Tangu hapo, kabla ya kuandika jina, huuliza: na wale wa ng'ambo wanaiitaje? Muulizeni mama anayeteka. Msimuulize mwanamume aliyesimama barabarani na mikono mfukoni. Atawajibu kwa uhakika mkubwa, na hajawahi kubeba mtungi.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ng'ambo ya Magwagwa kuna kilima alikozaliwa mke wangu Kerubo. Ilikuwa imebaki chemchemi yao moja tu kumaliza eneo zima, na nilikuwa nimemwahidi mkuu wangu orodha kamili Jumatatu. Nikafika Ijumaa saa tisa alasiri. Mtu wa akili angejua. Kijiji hicho karibu chote ni Waadventista, na Ijumaa alasiri kila mama yuko majini: nguo za kanisani zinafuliwa, maji ya Sabato yanatekwa, visigino vya watoto vinasuguliwa kwa jiwe, kwa sababu jua likishatua hakuna atakayeinua mtungi hadi kesho yake jioni. Nilisimama juu, karibu na ua wa kanisa, nikatazama chini. Kupitia migomba niliona migongo ya akina mama waliokunja nguo hadi magotini, na nikasikia kicheko ninachokijua. Mama mkwe alikuwa mmoja wao.

Kwa wale mliokulia Nairobi, nieleze. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawatamkiani majina, na wakikutana njiani mmoja hujisogeza pembeni mwingine apite. Kumkuta amekunja nguo majini ni aibu ambayo ingesimuliwa hadi kwenye harusi za wajukuu.

Basi nilifanya nini, mimi mwenye diploma? Niliegemea ua wa kanisa, nikawasha kifaa, nikangoja kitulie, nikabonyeza. Nikajiambia, ah, ni hapo hapo tu chini. Nikajiahidi kurudi Jumapili. Jumapili kulikuwa na mazishi. Kwenye safu ya usahihi niliandika nilivyoandika kwenye zingine zote: mita tatu. Kutoka ule ua hadi majini ni mteremko ambao hata mbuzi huushuka akitafakari.

Jumatatu Mzee Mokaya hakuwepo mlangoni. Alikuwa ameanza kuugua. Viatu vyangu vilikuwa vikavu na hakuna aliyeviona.

Ramani ikapanda kwenye tovuti. Watu wakaipenda. Walimu wa jiografia waliitumia, wanafunzi wa chuo waliipakua, na mimi nilitembea mjini Nyamira kifua mbele. Kisha likaja shirika moja linalojengea chemchemi. Halikuandika barua wala kungoja ufunguo. Lilichukua ramani yetu, likachagua vilima vyenye shida, likatuma wakaguzi kwa pikipiki wafuate nukta moja moja kwa simu. Hiyo ndiyo ahadi ya data huria, vijana wangu, na nilikuwa naiona kwa macho ikitimia.

Wakaguzi walipofika kwenye nukta ya ukweni kwangu, walikuta ua wa kanisa, lango limefungwa, siku ya kazi, hakuna mtu. Wakaandika "haipo", wakaenda zao. Orodha mpya ikawekwa kwenye tovuti. Chemchemi ya mama mkwe ikafutwa.

Aliyeligundua hilo ni Moraa, mdogo wake Kerubo, mwalimu wa shule ya msingi huko huko kijijini. Alinipigia simu Jumatatu, mapumziko ya saa nne.

"Shemeji, hujambo? Nina swali la serikali."

"Uliza, mwalimu."

"Chemchemi ikifa, matanga yanafanyika kwa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimefungua tovuti yenu. Kila kilima kina kitone. Sisi hatuna. Imeandikwa haipo. Shemeji, asubuhi hii nimeoga maji ya hiyo chemchemi isiyokuwepo."

"Labda ni mtandao."

"Si mtandao. Nimetazama ramani ya zamani, kitone kilikuwa langoni mwa kanisa. Ni nani huyo aliyepima kanisa akaliita maji?"

Chini ya ramani ile ya zamani kulikuwa na jina la mpimaji, na Moraa anajua kusoma. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama ameteleza tena jana. Nyonga ile ile. Amepanda na mtungi nusu, anasema hakuumia, lakini amelala bila kula. Hao watu wanafunga orodha Ijumaa. Wakijenga mwaka huu bila sisi, sijui kama ataushuka ule mteremko mwaka mwingine."

Nikamwambia nitashughulikia. Nyumbani Kerubo alikuwa amekwisha kuambiwa. Aliniwekea chakula, akaketi mbele yangu, akaniangalia nikila.

"Wewe uliyepima jangwa la Waarabu," alisema, "kilima cha mama yangu ndicho kimekushinda?"

Ningeweza kuketi pale ofisini, nikasogeza kitone kwa kidole hadi mahali panapoonekana pana miti, nikanyamaza. Nakiri nililifikiria. Lakini ningekuwa nimepima kwa mbali mara ya pili.

Jumatano asubuhi nilishuka mteremko ule kwa mara ya kwanza. Moraa aliomba mwenzake amshikie darasa, akaja. Mama mkwe alikuwa amejulishwa, naye alikuwa amejiweka nyuma ya migomba, mahali pa kuona bila kuonekana. Nilimsalimu kupitia Moraa, akaniitikia kupitia Moraa. Walizungumza Ekegusii, lugha yetu, nawaandikia kwa Kiswahili ili wote mfuate.

Nikaona maji yakitiririka chini ya jiwe lenye mimea ya kupendeza, mahali pazuri pa kupiga picha. Nikaingia na viatu, maji yakapita vifundo. Nikainua kifaa.

"Muulize huyo anapima nini," sauti ikatoka migombani.

"Anapima chemchemi, mama."

"Hayo ni machozi ya masika. Januari hapo wanalala mijusi. Mwambie ashuke."

Nikashuka kwenye majani ya ng'ombe.

"Mwambie kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Kushoto ya huku, si ya Uarabuni."

Moraa alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Nikahama, nikazama matope hadi magotini, nikapoteza kiatu kimoja, nikakipata. Bado nilikuwa nimekosea. Mwishowe nikasikia majani makavu ya mgomba yakivunjika. Mama mkwe alitoka. Alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa kikafunika upande wa uso uliokuwa kwangu, na alitembea kwa fimbo, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Nikageuka nikatazama majani chai ya ng'ambo hadi niliposikia fimbo ikichomekwa ardhini.

"Mwambie ni hapa," alisema. "Hapa hapajawahi kukauka. Nilionyeshwa na mama yake mume wangu, juma nililoolewa. Yeye alionyeshwa na wake."

Akarudi migombani bila fimbo, akishika shina hadi shina. Nilipogeuka, fimbo ilikuwa imesimama chini ya mzizi mkubwa, na maji yalikuwa yakipanda kuizunguka, safi, bila sauti. Hapatoshi kiatu cha mtu, ni padogo. Nisingepaona kwa vifaa vyote vya dunia. Nikasimama hapo, nikangoja kifaa kitulie, nikangoja tena, nikabonyeza.

Kisha nikaona ni vizuri niseme ukweli, kwa vile kusema kupitia mtu wa tatu kunarahisisha mambo.

"Moraa, mwambie mama kwamba mara ya kwanza nilisimama kule juu kwa sababu yake. Ilikuwa Ijumaa. Niliwaona wakifua, nikaogopa kushuka."

Moraa akamwambia.

"Mwambie nilimwona," jibu likaja kutoka migombani. "Ameegemea ua wa kanisa, kichwa chini. Nikawaambia wenzangu, mkwe wangu amekuwa mtu wa sala."

Hapo Moraa aliketi chini kabisa kwa kicheko.

"Na mwambie angekohoa. Sisi tungetoka. Kila mwanamume wa hapa akipita hukohoa."

Vijana wangu, kwa miaka miwili nilikuwa nimeisingizia chinsoni. Heshima yetu haikunikataza kufika. Ilitaka nikohoe na kungoja robo saa. Ni mimi niliyekuwa na haraka ya Jumatatu na sifa zake.

Alhamisi nilikwenda kwa mkuu wangu, mama mpole aliyekuwa karibu kuniandikia barua ya kuniaga nikistaafu. Nikamwomba ruhusa ya kurekebisha nukta na kuandika sababu.

"Unataka uandike kwamba ulikosea?"

"Ndiyo."

"Kwenye tovuti? Wasome wote? Umebakiza miezi mingapi, Bwana Osoro?"

"Mitano."

"Si uniachie nirekebishe kimya kimya?"

"Hao waliofuta watauliza kwa nini nukta imehama. Tusipowaambia hawataiamini hii, wala zile zingine ambazo nilifika kweli."

Akasogeza kompyuta upande wangu. Niliandika: nukta ya awali ilichukuliwa kutoka juu ya mteremko, mpimaji hakufika majini. Maneno mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika serikalini, na yaliyochukua muda mrefu kuliko yote. Jedwali halikuwa na safu ya kueleza habari za Ijumaa, wala migomba, wala kukohoa. Mtu wa mbali akisoma ataona uvivu tu. Sawa. Nusu yake ulikuwa uvivu.

Kisha nikafika kwenye safu ya mwisho: jina la aliyethibitisha mahali.

Mikono ikasimama. Aliyethibitisha namjua. Jina lake nalijua pia, kwa sababu nimeliona kwenye cheti cha ndoa ya Kerubo na mimi. Lakini tangu nioe halijawahi kupita midomoni mwangu. Isitoshe, data huria ni huria: ukiweka jina la mtu pale, umelipeleka sokoni Magwagwa na mbele zaidi, na halirudi. Hilo ni jambo jingine mlikumbuke kila siku. Chemchemi ni ya umma, lakini jina la mtu ni lake. Ombeni kwanza.

Nikampigia Moraa, nikamweleza. Nikamsikia akitembea, akisukuma mlango, akinong'ona. Mama mkwe alicheka kidogo, halafu akauliza swali: jina lipi?

Maana huko kila mtu anamwita mama Kerubo, na wazee wachache humwita kwa jina la mumewe. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kanisani siku ya ubatizo.

"Mwambie la kwangu," alisema. "Nililotoka nalo kwetu."

Kisha akaongeza neno, na Moraa akanifikishia kama lilivyo: "Anasema uliandike, shemeji. Ila usilitamke."

Nikaliandika kwa vidole, mdomo umefungwa. Nikatuma.

Ijumaa mchana, kabla orodha haijafungwa, kitone kilirudi, safari hii chini kabisa ya mteremko, chini ya mzizi. Sijui ni chemchemi ngapi nyingine zilifutwa vivyo hivyo mahali ambapo hakuna Moraa wa kufungua tovuti wakati wa mapumziko. Hilo ndilo ninaloliwaza sasa nikipalilia migomba yangu. Mama mkwe hana simu ya kuonyesha ramani. Tulikuwa tumemfungulia kila mtu duniani ajue habari za maji yake, isipokuwa yeye, na ni yeye aliyekuwa akiyajua. Kwa hiyo mkiniuliza kama data huria inafaa, nitawajibu inafaa sana, mimi ndiye niliyeileta huku. Lakini nendeni pia mkamsomee mwenye maji kile mlichoandika juu yake, kwa lugha anayoielewa, na mngoje aseme kushoto au kulia.

Mafundi walikuja baada ya mvua. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikaenda kama mkwe tu, nikasimama mbali kiasi kinachofaa. Hawakuuliza njia. Walishuka moja kwa moja na mifuko ya saruji hadi kwenye mzizi, kisha kiongozi wao, kijana wa kutoka mbali asiyejua mila zetu, akatoa simu na kusoma kwa sauti kubwa jina la aliyethibitisha, majina mawili kamili, akauliza ni nani huyo ili aje aonyeshe bomba litokee wapi.

Akina mama waliokuwa pale walitazamana. Wengi hawakujua ni nani anayeitwa. Mimi nilijua, nikageukia majani chai.

"Ni mimi," alisema mama mkwe, na nikasikia watu wakimpisha njia. "Soma tena."

Kijana akasoma tena.

Jina hilo siwaandikii hapa. Liko kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu. Nendeni mkalisome wenyewe.